Ngome Mbili za Lord Curzon: Kutoka Bodiam hadi Tattershall

Jumatatu: Tenterden na Bodiam

Niliondoka London asubuhi kuelekea kusini-mashariki, nikashuka katika stesheni ya Headcorn, na kutoka hapo basi likanifikisha Tenterden, mji mdogo wa Kent ambako inaanzia treni ya mvuke iendayo Bodiam. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1900, ikaacha kubeba abiria mwaka 1954, ikafungwa kabisa mwaka 1961, kisha watu waliojitolea wakaifufua kipande kwa kipande hadi ikafika tena Bodiam mwaka 2000. Mpaka leo wengi wa wanaoiendesha hawalipwi. Nilifurahi kuanza safari kwa njia hiyo, maana nilichokuwa nakifuata ni swali linalofanana na historia ya reli yenyewe: jinsi ngome ya mtu binafsi, iliyorithiwa, ikauzwa, ikanyang'anywa na kugawanywa kwa zaidi ya miaka 500, inavyofikia kuwa mali ambayo hakuna awezaye kuiuza.

Kutoka stesheni ya Bodiam ni mwendo mfupi tu kwa miguu, ukivuka mto Rother, na ngome inajitokeza katikati ya handaki pana la maji lenye umbo la karibu mstatili. Ina minara ya duara kwenye pembe nne na minara ya mraba katikati ya kuta, lakini haina ule mnara mkuu wa ndani ambao ngome za kale zaidi zilijengewa. Ukiitazama kutoka nje utadhani wenyewe wamehama jana. Ukuta wa nje umesimama karibu wote, na maji yanaakisi kila kitu mara ya pili.

Aliyeijenga ni Sir Edward Dalyngrigge, mpiganaji aliyejipatia mali katika vita vya Ufaransa akiwa chini ya Sir Robert Knolles, na aliyeupata umwinyi wa Bodiam kwa kumwoa Elizabeth Wardeux, mrithi wa mahali hapo. Mwezi Oktoba 1385 Mfalme Richard wa Pili alimpa kibali cha kuiimarisha nyumba yake ya Bodiam, iliyotajwa kuwa karibu na bahari, kwa kuta za mawe na chokaa ili kuilinda nchi ya jirani dhidi ya maadui. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wameuchoma mji wa Rye mwaka 1377. Hata hivyo Dalyngrigge hakuigusa nyumba ya zamani. Alijenga ngome mpya kabisa mahali pengine. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama ilikuwa silaha ya kweli au maonyesho ya cheo. Kwa maoni yangu, mtu aliyepanda cheo kwa vita na ndoa alihitaji vyote viwili, na jengo lenyewe linatoa ushahidi kwa pande zote mbili: juu ya lango kuu kuna ngao za koo zilizochongwa kwenye jiwe, na ndani ya dari ya lango hilohilo kuna matundu ya kumshambulia anayepita chini.

Jumanne: ndani ya kuta

Leo nilirudi mapema, nikasimama muda mrefu chini ya lango kuu. Ukiinua macho unaona sehemu ya wavu mzito wa mbao za mwaloni uliokuwa ukishushwa kuufunga mlango, mbao zake zikiwa zimevikwa vyuma na ncha zake zikielekea chini. Si nakala iliyowekwa kwa ajili ya watalii. Vipimo vya kaboni vimeonyesha kwamba ni wa zama za ujenzi wenyewe, na katika Uingereza nzima nyavu za mbao zilizobaki kutoka enzi hizo ni chache mno. Mbao imekuwa ya kijivu kama mfupa mkavu, na kwenye ubapa wake unaona mistari ya nyuzi iliyochimbwa na hali ya hewa, laini kwa juu na mikali pembeni.

Ukipita lango, picha ya nje inavunjika. Ndani ni uwanja wa majani, na kuta za vyumba zimebaki vipande. Ukumbi mkubwa unatambulika kwa matao yake matatu, yaliyokuwa yakielekea kwenye ghala la vinywaji, ghala la mikate na jiko. Katika mnara wa kusini-magharibi kuna kisima chini na viota vya njiwa juu, kwa sababu njiwa walikuwa kitoweo cha wakubwa. Tofauti hii kati ya nje iliyo nzima na ndani iliyobomolewa ndiyo historia ya umiliki wake.

Kutoka kwa kina Dalyngrigge ngome iliingia mikononi mwa ukoo wa Lewknor katika karne ya 15. Sir Thomas Lewknor alikuwa upande wa ukoo wa Lancaster katika vita vya kugombea kiti cha ufalme, na mwaka 1483 Richard wa Tatu, wa ukoo hasimu wa York, aliagiza ngome izingirwe. Henry wa Saba aliposhika utawala mwaka 1485, ukoo ulirudishiwa ngome, lakini ardhi yake yote haikurudi kwa wakati mmoja, na katika karne ya 16 umiliki uligawanyika miongoni mwa warithi. Kila anayejua mashauri ya mirathi anaelewa maana ya jambo hilo kwa jengo: wenye hisa wanakuwa wengi, na wa kuziba paa hapatikani.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 vipande hivyo vilinunuliwa na ukoo wa Tufton. Bahati mbaya John Tufton, mwenye cheo cha Earl wa Thanet, alikuwa upande wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na upande huo ukashindwa. Bunge lilimtoza faini nzito, na mwaka 1644 akaiuza Bodiam kwa mtu wa upande wa Bunge, Nathaniel Powell, kwa pauni 6,000. Inaelekea ni baada ya mauzo hayo ndipo majengo ya ndani na madaraja yalipovunjwa, kama zilivyofanyiwa ngome nyingi za wafuasi wa mfalme ili zisitumike tena vitani. Kuta za nje ziliachwa. Hivyo kile anachokiona mgeni leo, ganda zima lenye tumbo tupu, kilitengenezwa na faini.

Mchana nilikaa ukingoni mwa handaki, upande wa magharibi. Daraja la leo linakwenda moja kwa moja kutoka ukingo wa kaskazini, lakini la zamani lilianzia hapa magharibi, likafika kwenye kisiwa kidogo chenye pembe nane, kisha likakata kona kuelekea langoni, ili adui alazimike kupita akiwa ameuweka ubavu wake wazi mbele ya minara. Tunayajua haya vizuri kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Kwanza handaki lilikaushwa na tope lake likachimbwa. Na aliyelikausha ndiye mtu ninayemfuata katika safari hii, Lord Curzon.

Jumatano: Brightling na Battle

Kabla ya kumfikia, kuna wamiliki wengine wa Bodiam wasiorukika. Mwaka 1722 ngome ilinunuliwa na Sir Thomas Webster, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua abasia (makao ya watawa) ya Battle, iliyojengwa mahali pa vita vya Hastings vya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza. Nilipita Battle asubuhi. Abasia hiyo ilikaa na kina Webster, kwa vipindi, hadi mwaka 1976 iliponunuliwa na serikali kwa msaada wa wafadhili wa Marekani, na sasa inatunzwa na shirika la English Heritage. Bodiam haikusubiri muda mrefu hivyo. Mwaka 1829 Sir Godfrey Webster aliiuza, ikiwa katika hatari ya kubomolewa ili mawe yake yatumike kwingine, na aliyeinunua pamoja na ekari 24 kwa pauni 3,000 alikuwa John Fuller wa Brightling.

Kaburi la Fuller liko katika ua wa kanisa la Brightling, na huhitaji kuulizia njia, maana ni piramidi ya mawe yenye kimo cha karibu meta nane, aliyojijengea mwenyewe mwaka 1811, miaka 23 kabla ya kufa. Waingereza wanamkumbuka kwa vituko vyake na kwa ukarimu wake. Ni kweli kwamba aliigharimia taasisi ya sayansi ya Royal Institution, na Michael Faraday alikuwa wa kwanza kushika kiti cha uprofesa wa kemia kilichobeba jina lake. Ni kweli pia kwamba aliitengeneza sehemu ya Bodiam, na bila yeye huenda nisingekuwa na cha kuandika. Lakini utajiri wa Fuller ulitoka kwenye mashamba ya Jamaica yaliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa, na alipokuwa mbunge wa Sussex alisimama Bungeni kuutetea utumwa. Nilisimama mbele ya piramidi ile na sikuweza kulitenganisha jambo la kwanza na la pili. Mawe ya Bodiam yaliokolewa kwa jasho la watu ambao hawakulipwa chochote na ambao majina yao hayakuchongwa mahali. Shirika la National Trust, linalohifadhi majengo na ardhi ya kihistoria na linaloimiliki ngome leo, liliitaja Bodiam katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuhusu majengo yake yenye uhusiano na ukoloni na utumwa, na ripoti hiyo ilizua kelele kubwa magazetini. Wapo waliosema kwamba kutaja hayo ni kuichafua historia. Mimi naona kutunza jengo huku ukificha fedha iliyolitunza ni kulitunza nusu.

Baada ya Fuller, ngome ilinunuliwa na George Cubitt, aliyekuja kuitwa Lord Ashcombe, ambaye aliendelea na ukarabati wa minara.

Alhamisi: Alfriston

Siku ya njia ndefu na jengo dogo. Alfriston ni kijiji katika bonde la mto Cuckmere, na nyumba ya zamani ya padri iliyopo hapo, ya karne ya 14, yenye mihimili ya mwaloni na paa la nyasi, ndiyo jengo la kwanza National Trust kulinunua. Shirika lilianzishwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Mwaka uliofuata likainunua nyumba hii kwa pauni 10, ikiwa karibu kuanguka. Sakafu ya ukumbi wake ni ya chokaa ya mlimani iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyochacha. Niliinama nikaigusa: ni baridi, laini, na ina wepesi ambao saruji haiwezi kuwa nao.

Niliipa siku nzima kwa sababu ya sheria. Mwaka 1907 Bunge lilipitisha sheria iliyolipa shirika hilo uwezo wa kutangaza kwamba ardhi au jengo fulani ni mali isiyoondoshwa: haliuzwi, haliwekwi rehani, na hata serikali haiwezi kulitwaa pasipo kupitia utaratibu maalumu wa Bunge. Kwa msomaji wa Pwani yetu, wakfu ndio mfano ulio karibu zaidi, yaani mali inayotolewa mara moja na kutoka milele katika mzunguko wa kuuziana na kurithiana. Bila kifungu hicho, zawadi ya ngome kwa shirika ingekuwa sawa na kumpa mmiliki mwingine anayeweza kufilisika.

Ijumaa: njiani kuelekea kaskazini

Treni kutoka King's Cross hadi Grantham, nyingine kupitia Sleaford hadi Boston, na kesho asubuhi basi. Baada ya Sleaford nchi inalala tambarare kabisa, mitaro imenyooka, na minara ya makanisa inaonekana kutoka mbali sana. Mawe ya kujengea ni adimu hapa. Hilo litaeleza mengi kesho.

Jumamosi: Tattershall

Mnara wa Tattershall unaonekana muda mrefu kabla basi halijafika kijijini. Ni mwekundu, wa matofali ya kuchoma, una kimo cha karibu meta 40, na umesimama peke yake katikati ya mahandaki mawili ya maji, kwa sababu sehemu kubwa ya majengo mengine yaliyouzunguka haipo tena. Ngome ya kwanza hapa ilikuwa ya mawe, ya mwaka 1231. Katika miaka ya 1430 na 1440 Ralph, Lord Cromwell, mtunza hazina wa Mfalme Henry wa Sita, aliijenga upya kwa matofali, wakati matofali yalikuwa bado ni fasheni mpya na ya kitajiri Uingereza. Yanahesabiwa kuwa karibu 700,000. Sogea karibu na ukuta uone kazi: matofali ni membamba, hayalingani rangi, mengine yameungua hadi yakawa ya zambarau, na mafundi waliyapanga yale meusi katika mistari ya msalaba ili yafanye urembo juu ya mekundu.

Ngazi ni 149, zinazozunguka ndani ya mnara wa pembeni, na badala ya kamba au fito kuna kishikio kilichochongwa kwenye ukuta wenyewe, cha jiwe, kinachopanda pamoja nawe na kujaa kiganja vizuri. Kila ghorofa ina chumba kikubwa kimoja, na katika kila chumba kuna meko ya ukutani ya jiwe, iliyofunikwa kwa ngao za koo na kwa mkoba wa fedha, alama ya mtunza hazina, uliochongwa kwa umakini kiasi kwamba unaona mikunjo ya mdomo wake. Meko haya manne ndiyo yaliyonileta Tattershall.

Cromwell alikufa mwaka 1456 bila mtoto. Ngome ilipita kwa jamaa zake, kisha ikaangukia kwa wafalme. Henry wa Saba alimpa mama yake, Lady Margaret Beaufort. Baadaye ikawa ya Charles Brandon, Duke wa Suffolk. Katika karne ya 16 ikawa ya Earl wa Lincoln, na uzao wake ukaishika hadi mwishoni mwa karne ya 17. Baada ya hapo ilikuwa ya ukoo wa Fortescue, ambao hawakuihitaji, na kwa miaka zaidi ya 200 ng'ombe na mvua vilikuwa wapangaji wake. Sakafu zilioza, paa likatoweka.

Mwaka 1910 ilitiwa sokoni. Meko yaling'olewa ukutani, yakauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale na kufungashwa tayari kusafirishwa kwenda Marekani, na minong'ono ikaenea kwamba mnara wenyewe ungefuata. Hapakuwa na sheria ya kuzuia. Sheria ya mwaka 1882 ya kulinda kumbukumbu za kale ilitegemea ridhaa ya mwenye mali, na ilihusu zaidi makaburi ya kale na mawe yaliyosimikwa mashambani; mwenye ngome alikuwa huru kuivunja kama mwenye kuku alivyo huru kumchinja.

Mwaka 1911 aliingia George Curzon, Lord Curzon wa Kedleston, aliyekuwa Makamu wa Mfalme nchini India kuanzia 1899 hadi 1905. Aliinunua ngome, kisha akaanza kuyasaka meko nchi nzima. Yalipatikana London. Mwaka 1912 yalirudishwa Tattershall kwa mikokoteni huku wanakijiji wakishangilia, na yakawekwa tena mahali pake. Ukiyatazama kwa ukaribu unaweza kuona mistari ambapo jiwe lilivunjika wakati wa kung'olewa. Nilipitisha macho kwenye mstari mmojawapo, unaokata pembe ya ngao kisha kuishia kwenye mkoba, na sikuona kwamba unapunguza thamani ya kazi ile hata kidogo.

Siwezi kumsifu Curzon bila kusema mengine. Ndiye aliyeigawa Bengal mwaka 1905 dhidi ya kilio cha wenyeji, na alikuwa mtawala aliyeamini kwa dhati kwamba Waingereza walizaliwa kutawala. Lakini ni yeye pia aliyepitisha nchini India sheria ya mwaka 1904 ya kuhifadhi kumbukumbu za kale na kuitengeneza Taj Mahal na bustani zake, na kwa hiyo aliporudi nyumbani alikuta nchi yake inayalinda majengo yake vibaya kuliko koloni lake. Mkasa wa Tattershall ulisaidia kuwashawishi wabunge, na mwaka 1913 ikapitishwa sheria mpya: mwenye kumbukumbu iliyoorodheshwa alipaswa kutoa taarifa mwezi mmoja kabla ya kuigusa, na serikali ikapata uwezo wa kuzuia uharibifu. Orodha ile ndiyo mzazi wa ulinzi wa kisheria ambao Bodiam na Tattershall zinao leo.

Kazi ya ukarabati Curzon alimpa William Weir, fundi wa mkondo ulioanzishwa na William Morris mwaka 1877, wa watu waliosisitiza kwamba jengo la kale hutengenezwa pale lilipodhoofika, halirudishwi katika ujana wa kubuni. Hapa Tattershall Weir alirudisha sakafu na paa, kwa sababu bila hivyo mvua ingeumaliza mnara, na mahandaki yaliyofukiwa yakachimbuliwa. Bodiam, ambayo Curzon alikuwa ameitamani tangu miaka ya nyuma na akaipata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza baada ya Lord Ashcombe kufariki, kazi ilianza mwaka 1919: handaki likakaushwa, misingi ya madaraja ikafichuliwa, kuta zikaimarishwa. Kule Weir hakuweka paa wala kujenga upya ukumbi. Nilipokuwa Bodiam nililiona hilo kama upungufu, nikitamani kuuona ukumbi ulivyokuwa. Leo, nikiwa nimesimama juu ya sakafu za Tattershall, naona kwamba ni uamuzi uleule uliopimwa kwa hali mbili tofauti. Mnara huu una kuta zinazoweza kubeba sakafu, na urembo wa meko unaohitaji kukingwa. Bodiam ilikosa cha kukingwa ndani, na kujenga upya kungekuwa kubahatisha.

Curzon alikufa Machi 1925. Alikuwa na mabinti watatu, na hata hivyo ngome zote mbili aliziacha kwa National Trust. Jioni, kabla ya basi la mwisho, niliingia katika kanisa la Utatu Mtakatifu lililo jirani na mnara, ambalo Cromwell aliliagiza na ambalo alizikwa humo. Lilikamilishwa na wasimamizi wa mirathi yake, na sehemu ya fedha zake Askofu William Waynflete akaipeleka kwenye chuo cha Magdalen, Oxford.

Kwa anayetaka kuzifuata ngome hizi, ningemshauri aanze na Tattershall kisha amalizie Bodiam, kinyume na nilivyofanya mimi. Aende na viatu vya kupanda ngazi, aulize kwanza kama minara iko wazi, kwa kuwa Bodiam popo wanaolindwa kisheria wanaishi humo na sehemu nyingine hufungwa kwa ajili yao, na akifika Bodiam atazame juu ya lango la nyuma: hapo pana ngao ya Robert Knolles, bwana wa vita aliyempa Dalyngrigge njia ya kupata mali, na wageni wengi hupita bila kuiona.